Folda ya Pamoja

Saa nne asubuhi, ofisini, mwandishi wa programu alikuwa akipiga miayo. Majaribio yake huyafanyia kwenye mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili, iliyofugwa ndani ya kompyuta ya kweli. Kati ya hizo mbili aliweka folda ya pamoja: ukitia kitu upande huu, upande ule nao unakiona.

Uvivu ndio uliomponza. Badala ya kuunganisha folda ya mradi peke yake, aliunganisha folda zake zote, akajiambia atarekebisha baadaye. Baadaye ya watu wa kompyuta haijawahi kufika. Siku hiyo akaiamuru mashine pepe ijisafishe, ifute kila kitu. Ikatii. Ikafuta mpaka upande wa kweli.

Rekodi kumi na moja za sauti ya marehemu mama yake zikaenda. Nakala hakuna. Ya mwisho mama alimwachia kitindamimba wake, ambaye hakuwahi mazishi, na sasa alikuwa njiani kuja kuisikiliza.

"Dada, nimeshashuka kwenye basi," mdogo wake huyo akasema kwenye simu. "Usianze kulia kabla sijafika, utanikosesha zamu!"

"Njoo tu," akajibu.

Alijaribu kila dawa ya kufufua faili. Patupu.

"Pole, bibie," akasema mwenzake wa meza ya pili. "Vikifutwa kupitia folda ya pamoja, havipiti hata kwenye pipa la taka."

Akainama mpaka paji la uso likagusa meza. Alimwomba Mungu. Aliiomba mashine. Akamwomba yeyote anayesikia.

"Zirudishe," akanong'ona. "Nitatoa chochote."

Mashine pepe ilikuwa imezimwa. Folda ikaanza kujaa.

Moja. Nne. Kumi na moja.

Akavaa spika za masikioni, akafungua ya kwanza. Ni mama! Na kikohozi chake kile kile. Akacheka, akalia.

Ikaingia ya kumi na mbili. Tarehe ya leo. Dakika hii.

"Mwanangu," mama akanong'ona, "tenganisha hiyo folda. Si mimi niliyezirudisha."

Akakata muunganisho. Haukukatika. Akachomoa waya wa umeme. Kioo cha kompyuta kikaendelea kuwaka.

Mdogo wake alipofika, kiti kilikuwa bado na joto. Yule wa meza ya pili aliapa hakuona mtu akitoka.

Rekodi zote zilikuwapo. Na ya kumi na tatu, yenye jina la dada yake. Ilikuwa bado inajiandika, ukubwa ukipanda kidogo, ukitulia, ukipanda tena, kwa mwendo wa mtu anayevuta pumzi.