Maneno ya Dirishani

Kila asubuhi kabla ya shule, Mirella alikaa kwenye kigoda jikoni, na dada yake Ornella akamsuka nywele huku kahawa ikichemka. Mama yao alifariki Mirella akiwa hata hajaanza kutembea. Baba aliendesha malori ya mafuta ya zeituni hadi kaskazini, na Bibi Addolorata alipika na kugombeza. Mengine yote, tangu kumwogesha mpaka kumfundisha kusoma saa, aliyafanya Ornella. Jumapili jioni dada hao wawili walishikana mikono wakatembea barabara kuu ya Bitonto wakila aiskrimu, na Mirella alijiona tajiri kuliko watoto wote wa mji.

Ndipo akaja Tarcisio, fundi wa pikipiki. Alikuwa mpole, mwenye masikio makubwa, na alimwita Mirella "shemeji mdogo". Baada ya Pasaka alimvisha Ornella pete ya uchumba. Sasa Jumapili walitembea watatu, na kwa kuwa njia ya miguu ni nyembamba, Mirella alibaki nyuma akitazama migongo yao.

"Mbona umenuna?" Ornella alimwuliza siku moja.

"Sijanuna. Aiskrimu ni chungu."

Ornella akacheka, akamgeukia tena Tarcisio. Mirella alihisi kama kaa la moto limeangukia kifuani mwake. Usiku alijilaza akisikia dada yake akiimba kwa sauti ya chini, na alijua wimbo ule haukuwa wake.

Shuleni walikuwa wakisoma tamthilia ya zamani, ya enzi za mabwana wenye panga na mabibi wenye mapepeo ya manyoya. Bwana mmoja alimpenda binti wa jirani. Binamu ya binti huyo, aliyeona wivu, alijua kuwa bwana huyo amejificha nyuma ya pazia, basi akazungumza kwa sauti na mtumishi: eti binti yule humcheka mchumba wake akishampa kisogo. Bwana akaamini, akaenda zake.

"Kwa nini aliamini upesi hivyo?" akauliza Mwalimu Lattanzi.

Graziana, rafiki wa Mirella, akanyoosha mkono. "Kwa sababu hakuambiwa, Mwalimu. Alisikia mwenyewe. Mtu akikuambia jambo unaweza kumshuku, lakini ukilisikia kwa siri unadhani umeshika ukweli."

"Vizuri sana," mwalimu akasema.

Mirella aligeukia dirisha la darasa. Alikuwa akifikiria dirisha la jikoni kwao.

Tarcisio alikuja kula nao kila Alhamisi. Aliegesha pikipiki uani, chini kabisa ya dirisha hilo, akachana nywele kwa kioo cha pikipiki, kisha akapanda ngazi. Alhamisi iliyofuata Mirella alimwalika Graziana nyumbani. Ornella alikuwa akioga, na Bibi alikuwa kanisani.

"Tufanye mazoezi ya tamthilia," Mirella akasema. "Wewe ni mtumishi. Kazi yako ni kuuliza tu, 'Kweli?' na 'Kisha akasemaje?'"

Pikipiki ikanguruma uani, ikazimwa. Mirella akasogea dirishani.

"Dada anamhurumia tu yule fundi," akasema kwa sauti. "Anasema mikono yake inanuka grisi hata akiiosha kwa ndimu."

"Kweli?" akauliza Graziana.

"Kweli. Anamngoja daktari wa meno wa Bari. Akitangaza nia tu, pete inarudishwa."

"Kisha akasemaje?" Graziana akasita. "Mirella, haya yako ukurasa gani? Kwenye kitabu hakuna daktari wa meno!"

Sentensi hiyo ya mwisho Tarcisio hakuisikia. Pikipiki ilikuwa imekwisha kuwaka na kuondoka. Mirella alipochungulia aliona boksi la keki limeachwa juu ya ngazi ya kwanza.

Ornella aliandaa meza, akangoja mpaka tambi zikagandana. Kesho yake alikwenda gereji. Tarcisio alimjibu akiwa amelala chini ya pikipiki, bila kutoa uso: ana kazi nyingi. Siku chache baadaye habari zikaenea mtaani kwamba amepata kazi Torino, na kwamba ataondoka kwa treni ya Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Nilijua!" Bibi Addolorata akafoka. "Masikio makubwa vile, na hayasikii neno la heshima! Mwache aende!"

Jumapili Mirella alimpata dada yake peke yake, kama alivyotaka. Walitembea wawili, bega kwa bega. Lakini aiskrimu ya Ornella iliyeyuka ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko bila yeye kujua. Mirella alitoa leso akamfuta. Ornella akasema "asante" kama anayemshukuru mgeni. Kaa lile kifuani lilikuwa bado linaunguza, ila sasa Mirella hakujua amwonee nani wivu.

Ijumaa mwalimu aliwasomea sehemu ya mwisho. Mtumishi alifichua hila, wapenzi wakaoana, na binamu akachekwa na watu wote. Darasa zima likacheka, isipokuwa Mirella.

"Mwalimu, na kama mtumishi angenyamaza?"

Mwalimu Lattanzi akafunga kitabu. "Basi bwana asingerudi, na binti asingejua kamwe kosa lake ni lipi. Wazee walioandika michezo hii walipenda tutoke tukicheka, kwa hiyo kila mara wameweka mtu wa kusema ukweli. Nje ya kitabu, mtu huyo ni lazima ajitokeze mwenyewe."

Kengele ilipolia Mirella hakumngoja Graziana. Alikimbia mpaka gereji. Tarcisio alikuwa akipanga vifaa vyake kwenye sanduku.

"Yale ya dirishani niliyatunga mimi," akasema akihema. "Hakuna daktari wa meno. Dada hakusema chochote. Nilijua uko pale chini."

Tarcisio akasimama na spana mkononi. Uso wake ukawa mwekundu mpaka masikioni. "Nimekukosea nini, Mirella?"

"Jumapili zilikuwa zetu," akajibu, na machozi yakamtoka. "Wewe ukazichukua."

Tarcisio akatupa spana sandukuni. "Mimi simwelezi. Utamweleza mwenyewe."

Walipofika nyumbani, mlangoni walimkuta Bibi Addolorata na mwiko mkononi. "Umepotea ngazi, fundi! Torino iko kule!"

"Bibi, mwache," Mirella akasema. "Mwongo ni mimi."

Akaeleza yote pale pale mlangoni, na Ornella akiwa amesimama nyuma ya Bibi akisikiliza. Mwiko ukashuka polepole. Mirella alitarajia kofi. Lakini Ornella alimpita, akamkabili Tarcisio.

"Na wewe ulisikia maneno ya mtoto, ukawasha pikipiki? Ngazi zilikuwa pale. Ulishindwa kupanda ukaniuliza?"

"Nilidhani nimesikia ukweli," Tarcisio akajibu kwa sauti ndogo. "Niliona aibu kuuliza."

"Aibu yako nusura initie kaburini! Ingia ndani. Nawe pia, Mirella. Kaeni."

Walikula pamoja. Tarcisio hakupanda treni ya Jumamosi, lakini Ornella hakusamehe siku hiyo, wala kesho yake. Zilipita wiki kadhaa kabla ya nyumba kurudia vicheko vyake. Jioni moja, dada hao wakiosha vyombo, Mirella aliuliza kwa woga, "Bado unanichukia?"

Ornella akaweka sahani chini. "Sijawahi kukuchukia. Wivu haukukufanya mtu mbaya. Uliogopa kunipoteza, na ungeniambia hivyo, ningekukumbatia. Ubaya ni kwamba uliuficha, ukaupa uongo ukusemee. Tazama: ulitaka kunifunga kwako, na nilikuwa mbali nawe kuliko siku zote. Mtu unayempenda humweki karibu kwa hila. Ukiumia, sema umeumia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada," Mirella akasema. Kisha, baada ya kuvuta pumzi: "Basi nasema. Mkioana, naogopa."

"Hata mimi naogopa," akajibu Ornella, akamvuta kifuani kwa mikono yenye povu.