Vifuko Ndani ya Mapindo

Kila asubuhi fundi aliweka cherehani yake mlangoni, penye mwanga. Mkewe alipiga pasi. Binti yao mdogo, waliyemwita Chiriku kwa vile hakujua kunyamaza, aliokota vifungo.

Siku hiyo Chiriku alinyamaza. Kisha akasema, "Mama, sketi yangu ina kijiwe."

Mama akapapasa pindo. Palikuwa na kifuko kidogo kama ukucha, kimeshonwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na kidonge cheupe.

Akapapasa pazia. Kipo. Mto. Vipo viwili. Akapapasa ukosi wa gauni alilovaa. Kipo. Akamgeukia mumewe.

"Baba Chiriku, nani kashona hivi?"

Fundi akautazama mshono. "Mkono ni wangu," akasema polepole. "Lakini sikumbuki kushona."

Mke akamwita jirani yao, nesi wa zahanati.

"Shemeji, ulianza lini kumeza hivi?" nesi akamwuliza fundi, akikigeuza kidonge.

"Mgongo uliponiuma. Daktari alinipa vidonge vya siku tano. Vilituliza mpaka mawazo. Vilipoisha nikatafuta vingine."

"Wengi huanzia hapo. Maumivu, mawazo, wengine kufuata marafiki. Ubongo ukizoea, kimoja hakitoshi. Unameza viwili, vitatu."

"Na raha sipati tena. Nisipomeza natetemeka."

"Huo ndio uraibu. Sasa unameza ili usiumwe tu. Unaficha akiba kama panya."

"Mimi panya, shemeji?"

"Panya hashoni vizuri hivi."

Chiriku alikuwa ameokota kidonge. "Hii pipi?" akauliza, akikipeleka mdomoni.

Fundi akampokonya. Halafu, mbele ya macho yao, mkono uleule ukapanda na kukitia kinywani mwake mwenyewe. Yeye ndiye aliyeshtuka kuliko wote.

"Nisaidieni," akasema. "Nivitupe vyote leo?"

"Usiache ghafla, mwili utakugeuka. Twende zahanati, wakupunguzie kidogo kidogo. Mkeo atunze dawa. Huu ni ugonjwa, shemeji, na unatibika."

Wakaenda. Miezi ikapita. Siku moja alirudia vidonge, akaona aibu, nesi akamwambia aanze tena. Mke alifumua pindo baada ya pindo.

Asubuhi moja fundi alisimamisha cherehani ghafla.

"Mama Chiriku, kuna kimoja kimebaki. Kimo ndani ya mto wa kiti hiki. Nakumbuka nilivyokishona."

Akainuka, akampa mkewe mkasi. Miezi yote hiyo alikuwa amekikalia.

Mke akafumua. Kilikuwepo.

"Baba, kwa nini ulikificha? Kilikuwa kinakuchoma? Na mimi nishone kifuko?" akauliza Chiriku, na hakunyamaza mpaka jioni.