Hatua ya Thelathini na Moja

Bryson alinitazama machoni kabisa, akashika maiki, akawaambia watu mia mbili kwamba lile gemu kalitengeneza yeye.

Mimi nimekaa mstari wa tatu. Nilikuja baada ya kuona bango lenye picha ya gemu langu, nikadhani wananitafuta!

Jamani... nilihisi damu inachemka mpaka masikioni.

Naitwa Precious, mtoto wa Pongwe. Kama ulisoma Tanga mwaka 2011 na ulikuwa unashinda kwenye vibanda vya intaneti, gemu hilo umelicheza. Linaitwa Anika. Unasukuma mapakacha ya karafuu mpaka yakae juu ya majamvi, na moja likikukwamia ukutani umekwisha, unaanza upya. Hatua thelathini. Watu walikuwa wanalihamisha kwa flashi, shule hadi shule, mpaka Horohoro huko.

Siku hiyo majaji walikuwa wanachagua gemu la kuingizwa kwenye kompyuta za shule, na jina la mtengenezaji liandikwe ukurasa wa kwanza. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka. Watoto wafungue, wasome jina langu.

Na Bryson, mshikaji wangu wa chuo niliyempa nakala anitunzie, kafuta jina langu kaweka lake.

Mzee Laurenti, mwenyekiti wa majaji, akamuuliza wazo alilitoa wapi. Bryson akajibu kwamba amekua akimwona mama yake anaanika karafuu.

Mama yake ni wa Lushoto! Karafuu anaikuta kwenye pilau!

Nikasimama. Aibu niliiacha kwenye kiti.

"Shikamoo mzee. Huyo ni mwizi. Gemu ni langu, na ushahidi umo humohumo ndani."

Bryson akacheka, akasema huyu dada ana wivu, atolewe tu.

Nikawaeleza. Ndani ya Anika kuna hatua ya thelathini na moja ambayo hakuna mchezaji aliyewahi kuiona. Niliitoa kwenye orodha kabla sijaligawa gemu. Nilijaribu kuifuta kabisa, gemu likagoma kufunguka, basi nikaificha. Njia ya kuifikia anaijua aliyeificha. Nikamwambia Bryson aifungue.

Akaanza kubonyeza hovyo. Jasho likamtoka. Nilifurahi, nisiwadanganye.

Mzee Laurenti akaniita jukwaani.

Hatua ya kwanza, pakacha la kwanza, nikalisukumiza kwenye ukuta wa kushoto mara saba. Skrini kubwa ikawa nyeusi... kisha ikafunguka.

Makofi! Bryson kainamisha kichwa. Mimi nikawageukia watu, natabasamu.

Makofi yakakatika.

Nikageuka kutazama skrini. Nyumba ya mlango wa kijani, majamvi sita uani, na chini yake maneno niliyoyaandika mwenyewe miaka ile:

"Nyumbani kwa Wanu, Wete. Mafumbo yote na picha: Wanu. Kompyuta: Precious."

Mzee Laurenti akavua miwani.

"Dada, huko Pongwe mnaanika karafuu?"

"Hapana, mzee. Kwetu mkonge."

"Sasa huyu Wanu ni nani?"

Wanu tulikaa naye chumba kimoja chuoni. Mpemba, mpole, kila fumbo alilichora kwenye daftari la hesabu, mimi naliingiza kwenye kompyuta. Mama yake akaugua, akarudi kwao kabla hatujamaliza mwaka. Mimi nikaenda kuonyesha gemu mbele ya walimu peke yangu, na hatua moja yenye jina lake nikaificha. Nikajiambia ni ngumu mno, wachezaji wataichukia. Uongo ule niliurudia mpaka nikausadiki. Nilipopanda jukwaani nilikuwa nakumbuka majamvi tu.

Nikatoka nje, nikampigia. Namba yake nilikuwa nayo siku zote.

"Wanu, ni Precious. Ile hatua yako imeonekana."

Hata salamu hakunipa.

"Kumbe hukuifuta."

"Ilikataa kufutika."

"Basi rudi ukawaambie mwenyewe. Mimi nimekaa na hasira hii miaka kumi na mitatu, nimechoka."

Miaka kumi na mitatu... Hasira yangu ilikuwa ya dakika ishirini, na nilikuwa tayari kumrarua mtu.

Nikarudi ndani, nikashika maiki, nikasema yote. Majaji wakalichagua, na leo ukurasa wa kwanza unaanza na jina la Wanu. Langu liko chini yake, herufi ndogo. La Bryson halimo.

Bryson sijamsamehe, wizi ni wizi. Lakini wewe unayesoma hapa umevimba kwa sababu umeibiwa kazi yako, kabla hujapiga kelele, kafungue kwanza ulichokificha wewe. Fanya hivyo ukiwa peke yako. Mimi nilifungua mbele ya watu mia mbili.