Mateka wa Kumi na Mbili

Mara baada ya sala ya alfajiri, Dirar, naibu wa kadhi wa Tarsus, aliitwa nyumba ya wageni. Mjumbe wa Warumi alikuwa amelala chali kizingitini pa chumba chake, kachomwa kisu kifuani. Komeo la ndani lilikuwa zima. Alifungua mwenyewe.

Mtu yule alikuja kupatana juu ya kurudishwa kwa mateka, na aliingia mjini kwa amani ya Waislamu. Kumgusa kulikuwa haramu, vita au si vita.

Askari walikuwa wameshamfunga kamba Wahb, bawabu, ambaye mwanawe aliuawa na Warumi.

"Nilimchukia, sikatai," Wahb alisema. "Lakini angenifungulia mimi? Hata nikimletea mkate, hafungui mpaka mkalimani Maamar amwite kwa Kirumi. Mie lugha yao siijui. Jana ndiyo alinichekea. Akanionyesha vidole kumi, halafu viwili, akaelekeza langoni. Nikajua kumi na wawili wanarudi. Wangu hayumo, ila wa wenzangu wamo. Nimuue kwa lipi?"

Jana hiyo hiyo, mbele ya amiri, Maamar mkalimani alitafsiri kumi na mmoja.

Dirar alimkuta Maamar kwake, kakaa uani, macho mekundu.

"Ndugu yangu, mateka ni wangapi?"

"Kumi na mmoja. Si ulisikia?"

"Nilikusikia wewe. Mjumbe alimwambia Wahb kumi na wawili."

"Muuaji atasema lolote!"

"Wahb hajui Kirumi, na mlango ulifunguliwa kwa anayekijua. Wenzake mjumbe wako ng'ambo ya mto pamoja na mateka. Niende nikawaulize jina la huyo mmoja?"

Maamar aliinamisha kichwa. "Usayd."

Dirar alimfahamu. Usayd alikuwa mume wa kwanza wa Rayta. Mashahidi waliapa kwamba alikufa vitani, kadhi akahukumu Rayta ni mjane, na Maamar akamwoa.

"Tuna watoto watatu, Dirar. Niliruka jina lake mbele ya amiri, kisha nikaenda kumsihi mjumbe amwache huko. Akasema ameapa kuwarudisha wote. Nikapotewa na akili."

"Ukamuua mtu aliye kwenye amani yetu."

"Nilitaka abaki mmoja tu."

"Sasa watabaki wote."

Ikawa hivyo. Amiri alirudisha maiti kwa heshima na kuomba radhi, muuaji akiwa kifungoni akingoja hukumu. Warumi walipokea maiti yao, wakageuza farasi, wakaondoka na mateka.

Dirar mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa Rayta. Alimweleza yote, naye hakulia. Alikuwa amempakata mtoto mdogo, akimfunga na kumfungua kifungo kile kile cha nguo.

"Usayd alikuwa pale mtoni?" aliuliza hatimaye.

"Alikuwapo."

"Kutoka pale mji unaonekana?"

Dirar alitamani kumdanganya.

"Unaonekana, dada yangu," alisema. "Mpaka mapaa ya nyumba."