Mtoto Ameshaomba Maji

"Kwa hiyo ulimwelewa," mke alisema, huku akikunja magauni ya mtoto na kuyasukumia ndani ya begi. "Nijibu hilo kwanza. Ulimwelewa au hukumwelewa?"

"Nilimwelewa."

"Ukamwambia huelewi."

"Ndio utaratibu wenyewe, mke wangu. Tulikubaliana. Wewe unamsemesha lugha yenu, mimi namsemesha lugha ya shule. Nikianza kumjibu kwa lugha yako, kazi yote inavurugika."

"Mtoto alikuwa na homa, Baba Chiriku."

Mume alisimama mlangoni mwa chumba, kinasa sauti kikiwa bado mkononi.

Chiriku ni jina la utani walilompa binti yao, kwa kuwa alianza kuongea mapema na hakujua kunyamaza. Baba yake alikuwa mtafiti wa chuo, akichunguza jinsi watoto wanavyojifunza lugha ya pili wakiwa bado wadogo. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa miongoni mwa nyumba alizozichunguza. Humo kila mzazi alikuwa na lugha yake, na mtoto akimsemesha mzazi kwa lugha isiyo yake hakujibiwa mpaka ageuze. Mke hakuipinga kazi hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa watoto wa awali, na alijua faida ya lugha mbili. Ila siku za karibuni Chiriku alikuwa amepoa. Akitaka kitu kwa baba yake, alimtuma mama: "Mama, mwambie baba anifungulie mlango." Na baba amesimama palepale, anasikia.

Mchana huo mke alirudi kutoka kazini akamkuta mtoto amelala sebuleni chini ya blanketi, midomo imemkauka. Baba amechuchumaa kando yake, glasi ya maji mkononi. Mtoto akaomba maji kwa lugha ya mama. "Sielewi," baba akasema kwa upole kabisa. "Mwambie baba vizuri." Mtoto akaomba tena vilevile. Glasi haikusogea. Baada ya hapo hakuomba tena. Aligeukia ukutani akafumba macho. Mama ndiye aliyemwinua akamnywesha.

Simu ya mke ikalia kitandani. Ujumbe ulitoka kwa dada yake: *Nimeshatoka na gari. Muwe tayari, sitaki kukaa nje kungoja.*

Mume alisogea akausoma. Akasema alidhani mtoto angegeuza mara moja, kama alivyozoea. Akasema homa haikuwa kali, na rekodi zilizobaki zilikuwa za mwisho. Kila alichosema kilikuwa kweli, na kila alivyozidi kusema sauti yake ilizidi kushuka.

"Unaondoka kwa sababu ya glasi ya maji?"

Mke akaacha kukunja nguo. "Unakumbuka tulivyokutana?"

Alikumbuka. Alikuwa amekwenda kwenye darasa la mkewe kufanya utafiti, akakaa nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfika masikioni. Siku hiyo mwalimu mkuu alimsimamisha mtoto mmoja mbele ya wenzake kwa kuomba maji kwa lugha ya kwao. Yule mtafiti mgeni akainuka, kiti kimemng'ang'ania nyuma, akamkatiza mwalimu mkuu mbele ya darasa zima.

"Sikukupenda kwa sura, hilo unalijua," mke alisema. "Rudia ulichomwambia mwalimu mkuu."

"Achana na hayo."

"Rudia."

Mume akaketi ukingoni mwa kitanda. "Nilimwambia, mtoto ameshaomba maji. Mpe kwanza, umfundishe baadaye."

"Mimi nimeolewa na yule mtu. Huyu wa leo simjui."

"Bila rekodi za nyumba hii, sura nzima ya utafiti inaanguka. Unajua nimeihangaikia kiasi gani."

"Najua. Na sikwambii uache utafiti. Nakwambia tu ninaondoka na mtoto wa namna gani. Ni mtoto aliyeona bora abaki na kiu kuliko kusema na wewe."

Mume akainamisha kichwa. Mke akafunga zipu ya begi nusu, ikakwama, akaiacha.

Mlango ukasukumwa. Chiriku alisimama hapo, blanketi likiburuta sakafuni. Hakumtazama baba yake.

"Mama, mwambie baba aniletee maji."

Kwa mazoea, mke alifungua kinywa kufikisha ujumbe. Kisha akakifunga.

"Nimesikia, mwanangu," mume akasema, kwa lugha ya mke wake, ileile aliyofundishwa naye wakati wa uchumba. Ulimi ulikuwa mzito kwa kukaa muda mrefu bila kuitumia. "Nakuletea."

Chiriku akamgeukia mama yake. "Kumbe anajua?"

"Anajua. Nilimfundisha mimi."

Mume alirudi na glasi, akaishika mpaka mtoto akamaliza. Kisha akazima kinasa sauti, akakiweka juu ya kabati, akaketi kitandani, akampigia simu msimamizi wake chuoni, palepale mbele yao.

"Naomba nyumba yangu iondolewe kwenye utafiti. Rekodi zote, tangu mwanzo."

Msimamizi akauliza, "Unajua itakurudisha nyuma. Sababu niandike nini?"

"Andika kwamba mtoto aliacha kuongea na mtafiti. Na mtafiti ndiye baba yake."

Alipokata simu, Chiriku alikuwa amempandia magotini, anamweleza kwa lugha ya mama yake habari ndefu ya ndoto aliyoota. Baba alikuwa akijibu, akikosea, na mtoto akimcheka.

Mke akafungua begi, akatoa gauni kavu, akambadilisha mtoto aliyelowa jasho. Kisha akachukua simu yake, akaandika: *Hatuji tena, dada. Lakini usigeuze gari njiani, pita unywe chai.*

Jibu halikuchelewa: *Nyie watu mtaniua. Wekeni maji jikoni.*

Akamwonyesha mume wake. Mume akainuka na mtoto kiunoni, akaenda kuweka maji. Mke akaanza kurudisha magauni kabatini.