Kochi la Watu Wawili

"Hilo kochi la watu wawili lisogeze katikati, lielekee baharini," Bi Ginevra alisema. "Hapo ndipo watakapokaa wachumba."

Fulvia Brenna alikuwa amepiga magoti, anakaza skrubu ya mguu wa meza. Akainua uso. Tangu alfajiri yeye na mafundi wake walikuwa wakishusha samani kwenye lori na kuzipandisha ngazi hadi kwenye mabaraza ya Hoteli Rebora: viti vya mtiki, makochi yaliyosukwa kwa kamba nene za rangi ya mchanga, miavuli mipana ya kitani. Vyote alivibuni yeye, kwenye karakana yake kule Cantù, mji wa bara, majira yote ya baridi. Aliambiwa kuna chakula cha mchana cha wageni maalumu. Habari ya wachumba hakuambiwa.

"Wachumba gani, mama?"

"Mwanangu Tazio na Delia, binti wa mzee Olivari. Hakukwambia? Huyo mtoto mambo ya maana yote anayasahau. Leo anamvisha pete."

Bisibisi ikamponyoka Fulvia, ikaenda ikigonga vigae mpaka ukingoni.

Kwa miaka miwili Tazio alikuwa akiendesha gari kutoka pwani ya Liguria hadi Cantù kila alipopata upenyo. Analala kwake, anakula wali wake wa risoto, anamwita mke wangu. Fulvia akiuliza lini atatambulishwa kwa mama, jibu ni lile lile: mama mgumu, hataki mwanamke wa bara, tumpe muda. Fulvia akampa muda. Hata alipokuja kupima mabaraza haya, mbele ya Bi Ginevra walipeana mikono kama watu waliokutana benki.

Alipiga simu. Haikupokelewa. Akaandika:

"Njoo stoo ya mito ya makochi. Sasa hivi. Usipokuja nitakuuliza mbele ya mama yako."

Tazio alikuja haraka, shati halijafungwa vifungo, tai mkononi. Akasukuma mlango ukajifunga nyuma yake.

"Fulvia, punguza sauti."

"Sijasema kitu bado."

"Nilitaka kukwambia mwenyewe."

"Lini? Nikishamaliza kukupangia viti vya wageni wako?"

"Nisikilize. Ufuo wa hapo chini ni wa mzee Olivari. Mkataba wetu unaisha mwaka huu. Bila ule ufuo, hoteli hii ni nyumba tu yenye ngazi nyingi. Delia ni msichana mzuri, sina ubaya naye, lakini moyo wangu unajua uko wapi. Kati yangu na wewe hakuna kitakachobadilika."

"Hakuna kitakachobadilika."

"Hakuna. Nitakuja Cantù kama kawaida."

Fulvia aliitazama mito iliyopangwa mpaka darini. "Yaani mimi niwe kama hii. Jua likiwaka unanitoa, wingu likitanda unanirudisha stoo."

"Usinifanyie hivyo, mpenzi."

"Mimi ndiye ninayekufanyia?"

Tazio akamshika mabega, akambusu kwenye paji la uso. "Leo tu. Nakuomba. Wageni wakiondoka tutaongea."

Akatoka. Fulvia akabaki amesimama, anajichukia kwa sababu hakuurudisha nyuma uso wake.

Alirudi juu, lakini mikono haikutulia. Alikivuta kiti, akakirudisha. Akafungua mwavuli, akaufunga, akaufungua tena. Chini kwenye ngazi wahudumu walikuwa wakipita na sinia za dagaa na mikate ya mafuta, na kila hatua iliyosikika ilimfanya ageuke.

"Dada, hicho kiti kina nini?" fundi wake mmoja aliuliza. "Unakihamisha tangu saa ile."

"Hakina kitu. Nendeni mkanywe kahawa."

Walipoondoka tu, alitokea msichana wa gauni jeupe, viatu mkononi. Alikaa kwenye lile kochi la katikati, akasimama, akakaa tena.

"Wewe ndiye dada uliyetengeneza hivi vitu?"

"Ndiyo."

"Vizuri sana. Mimi ni Delia. Samahani, leo hata kukaa nashindwa."

"Ni kawaida siku kama hii."

"Mama yangu naye anasema ni kawaida." Delia alitazama bahari kidogo, kisha akashusha sauti. "Nikuulize kitu, kwa vile hunijui na hutanicheka. Ulishawahi kumpenda mtu ambaye kila akikaa, simu yake anailaza kifudifudi?"

"Nilishawahi."

"Ikawaje?"

Hapo angeweza kunyamaza, akamaliza kazi, akapanda lori na kwenda zake. Lakini msichana huyu hakuwa amemkosea chochote. Na kunyamaza kwake ndiko Tazio alikokuwa akikutegemea.

Akaenda kukaa pembeni yake.

"Delia, huyo mtu ni mmoja. Wako na wangu."

"Sijakuelewa."

"Ni Tazio. Miaka miwili sasa. Habari ya pete nimeisikia leo asubuhi, kwa Bi Ginevra, nikiwa hapa nakaza skrubu."

"Unanidanganya." Alisema taratibu, kama mtu anayeomba asaidiwe.

"Natamani ningekuwa nadanganya."

Simu ya Fulvia ikatetemeka pajani. Akasoma, kisha akamgeuzia Delia kioo cha simu.

"Mpenzi usiondoke. Wakishakwenda nakuja kwako. Wewe ndiye wangu."

Delia alisoma. Akasoma tena.

"Hata mimi leo nilipoamka nimekuta nimeandikiwa hivyo. Wewe ndiye wangu. Hata neno jipya hakutafuta." Akanyoosha mkono. "Naomba hiyo simu."

Akaandika: "Niko baraza la juu. Njoo mara moja, nimekukumbuka."

Wakasubiri. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Delia alikuwa akivuta uzi wa gauni lake, anauzungusha kidoleni, anauachia. Fulvia alikuwa akihesabu mafundo ya kamba kwenye mkono wa kochi na kupoteza hesabu.

Tazio alipanda ngazi akiruka mbilimbili, uso umejaa tabasamu. Alipofika juu, tabasamu likabaki usoni bila kazi.

"Karibu," Delia alisema. "Tungekupa nafasi, lakini hili ni la watu wawili."

"Delia, huyu ni mbunifu wa..."

"Huyu namjua ni nani. Niambie wewe ni nani."

"Mambo siyo kama unavyofikiri."

"Sijafikiri kitu. Nimesoma."

Tazio akamgeukia Fulvia. "Umefurahi sasa?"

"Hapana," Fulvia alisema. Na kweli hakuwa amefurahi.

Bi Ginevra akatokea na chombo cha maua kifuani. "Wageni wanapanda, na nyinyi mko hapa kama mko msibani. Kuna nini?"

Fulvia akasimama. "Mama, nisamehe. Mimi na mwanao ni wapenzi, tangu mwaka juzi. Ningekuja kwako mapema, lakini yeye aliniambia hutaki mwanamke wa bara."

Bi Ginevra akaweka maua mezani taratibu.

"Mimi nimesema hivyo?" Akamgeukia Fulvia. "Binti, ile siku ya kwanza ulipokuja kupima hapa nilikupenda. Uliniambia wazi kwamba meza zangu za zamani ni takataka, na hakuna mtu anayeniambia ukweli hapa. Jioni ile nikamwuliza huyu: yule dada wa viti ana mtu? Akanijibu umeolewa, una watoto wawili."

Fulvia alikaa tena bila kutaka. Miaka miwili alikuwa amemchukia mwanamke huyu usiku na mchana, akimwona ndiye ukuta. Kumbe ukuta ulikuwa ukilala kitandani kwake.

"Tazio," Bi Ginevra alisema, "ni kweli?"

"Mama, siyo hapa. Wageni..."

"Wageni watakula, chakula kimeshapikwa. Lakini kabla mtu hajashika uma, utasimama mbele yao na kuwaambia kwa mdomo wako kwa nini hakuna pete. Mimi sikusemei. Na huyu mtoto wa watu hakusemei."

Tazio alipitisha mkono kwenye nywele. Akatazama chini, kule kwenye mchanga.

"Na ufuo je?"

Delia akacheka, kicheko kifupi kilichofanana na kikohozi. "Umesikia alichouliza, dada?" Akavaa viatu vyake, kimoja baada ya kingine. "Ufuo nenda kaongee na baba. Mimi simo kwenye mkataba."

Tazio alisimama mbele ya wageni, akasema. Fulvia hakusubiri amalize. Akiwa chini kwenye lori alisikia sauti ya Tazio ikikwama, ikianza upya, kisha viti vyote vikiburuzwa kwa pamoja. Njia nzima ya kurudi Cantù mafundi wake walizima redio wakamwacha alie.

Mvua za Oktoba zilikuwa zimeanza Tazio alipogonga mlango wa karakana. Alikuwa amekonda. Fulvia alimpisha aingie, akaendelea kupiga msasa mkono wa kiti.

"Olivari alituongezea mkataba," Tazio alisema. "Delia mwenyewe ndiye aliyemwomba, kwa heshima ya mama. Kwa hiyo sina ninachokikimbilia wala ninachokikimbia. Nimekuja kwa ajili yako tu."

"Nimesikia."

"Nimebadilika, Fulvia."

"Huenda."

"Bado unanipenda?"

Fulvia akaweka msasa chini, akafikiri, kwa sababu swali lilistahili jibu la kweli. "Kidogo. Jumapili hasa."

"Basi..."

"Ngoja. Zamani gari lolote likipunguza mwendo hapo nje, nilikuwa naruka. Niko na mteja, niko bafuni, naruka, nakimbilia dirishani kuona kama ni wewe. Leo umesimamisha gari, umezima injini, umegonga, na mimi nilikuwa nafikiria nitapika nini. Sitaki kurudi kule, Tazio. Hata kwa mtu aliyebadilika."

Tazio alisimama kidogo, kama anayesubiri aambiwe neno lingine. Fulvia akaushika tena msasa. Tazio akafungua mlango, akatoka kwenye mvua.

Gari likawaka, likapinda kona. Fulvia hakwenda dirishani.