Vitu Vitano Juu ya Jabali

Justa alikuwa msichana wa darasa la sita, akiishi Mkuyuni mjini Mwanza, na hakuna kazi iliyomshinda kama kusubiri. Akibandika chai asubuhi, alitoka kuchungulia barabarani. Chai ikafurika na kuzima mkaa. Akienda bombani, aliiacha ndoo kwenye foleni akaenda kuruka kamba, akarudi na kuikuta imesukumwa hadi mwisho. Mama yake, Suzana, alisema mtoto huyu hata kuzaliwa alizaliwa kabla ya siku zake, maana alichoka kungoja.

Miaka hiyo serikali ilikuwa imewafungulia watu milango ya biashara na kila mtu mjini aliuza kitu. Suzana alinunua dagaa wabichi ziwani, akawaanika juu ya majabali, kisha akawauza wakavu. Wiki iliyopita alimwachia Justa kazi ya kuwalinda. Justa akatoroka, mvua ikanyesha, dagaa wakaharibika. Waliishia kuwa chakula cha kuku.

Jumamosi hii Suzana aliwatandaza dagaa wengine, akamgeukia binti yake.

"Hapa ndipo ulipo mtaji wangu wote. Wakilowa tena, biashara imekwisha. Tutafunga virago turudi Magu kwa bibi yako, na shule utaanza kuzoea nyingine."

"Nimesikia, mama."

"Hata wiki iliyopita ulisikia," Suzana alisema, akaondoka kwenda Nyamagana kutafuta mnunuzi.

Justa alihesabu mitumbwi. Akarusha kokoto majini. Akakaa, akasimama, akahamia jiwe jingine, akarudi lile la kwanza. Jua lilikuwa kama limegoma kusogea.

Mara akatokea rafiki yake, Queen. "Banda la video wanaonyesha karate saa nane. Unafanya nini hapo?"

"Nangoja dagaa wakauke."

"Kwani unawapuliza? Wameshakufa hao, hawakimbii."

Justa akacheka, na miguu yake ikaanza kumfuata Queen kabla kichwa hakijaamua. Njia ilipita kwenye kibanda cha Mzee Mihayo. Mzee huyu alikuwa mfanyakazi wa reli mpaka alipopunguzwa kazi. Sasa alitengeneza karabai, zile taa ambazo wavuvi huvulia dagaa usiku.

"Shikamoo, babu," wasichana walisema.

"Marahaba. Justa, dagaa umemwachia nani?"

"Naenda mara moja tu, babu. Pale hakuna kinachotokea."

"Hata mimi nilidhani hivyo," mzee alisema, macho yake kwenye karabai. "Siku moja nilikaa stesheni nikingoja treni. Nilikuwepo, lakini mawazo yalikuwa nyumbani kwenye ugali. Kuja kushtuka, ndege amejenga kiota ndani ya kofia yangu. Ametaga mayai matatu, na mawili yameshaanguliwa."

"Babu naye," Queen alisema.

"Kofia ninayo, njoo uione. Lakini wewe Justa, rudi ukakae mpaka nimalize karabai hii. Kisha uniambie vitu vitano vilivyobadilika pale. Ukivikosa, nenda kwenye video yako, nami nitawalinda dagaa."

Queen akaenda zake. Justa akarudi jabalini amenuna. Mwanzoni hakuona kitu. Alitaka kuinuka, akajizuia, akatazama tena.

Kivuli cha jiwe kubwa kilikuwa kimewafikia dagaa wa ukingoni. Moja. Dagaa waliokuwa waking'aa kama bati walikuwa wamefifia, na alipowageuza walichakarika kama majani makavu. Mbili. Moshi wa akina mama wanaokaanga samaki, ambao ulikuwa ukielekea ziwani, sasa ulimjia usoni na kumwasha macho. Upepo ulikuwa umegeuka. Ulikuwa ukielekea mjini. Tatu. Yangeyange, wale ndege weupe waliokuwa wakidokoa pembeni, waliruka wote, na hakuna aliyewafukuza. Nne.

Cha tano hakukitafuta. Nyayo zake ziliungua kwa joto la jabali, lakini shingo ilikuwa ya baridi.

Justa akainua macho. Juu ya kichwa anga lilikuwa jeupe. Mbali, ng'ambo ya ziwa, vilima alivyovizoea havikuonekana tena.

Hakwenda kusimulia. Alinyakua ufagio, akaanza kuwakusanya dagaa.

"Babu, mvua inakuja," aliita kuelekea kibandani.

"Mbona sioni wingu?" Mzee Mihayo aliuliza, huku tayari anaburuta turubai.

Walijaza gunia la kwanza, kisha la pili. La tatu lilikuwa nusu mvua iliponyesha, na konzi chache za dagaa wa ukingoni zikalowa.

Suzana alikuja mbio kutoka barabarani, gauni limemganda mwilini. Aliingia chini ya turubai, akafungua gunia, akachota dagaa, akawanusa. Akaketi chini taratibu.

"Nani alikwambia mvua inakuja?"

"Hakuna, mama. Nilikuwepo."

Jioni walipika wale waliolowa, na Mzee Mihayo akakaribishwa. Queen naye alifika, akasema umeme ulikatika bandani kabla karate haijaanza.

"Justa," Suzana alisema akimpakulia, "kungoja ni kazi kama kufagia au kusoma. Ukiupeleka mwili mahali na akili ukaiacha kwingine, ujue hapo hujamweka mtu."

Mzee Mihayo akavua kofia, akachungulia ndani kwa makini, kisha akaivaa.

Kesho yake chai haikufurika.